Sema Unavyomjua

Siku hiyo Lusia aliamka mapema akachemsha matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, akakaanga karanga, akazitwanga, akazichanganya humo kama alivyopenda Donatus, kisha akafunga vyote kwenye hotipoti ya maua mekundu. Ungemuuliza kwa nini asipike wali na nyama angekujibu kwamba mwanaume aliyekaa mahabusu siku tatu hahitaji shibe tu, anahitaji kukumbushwa kwao. Na kwao Donatus ni Tinde. Kama kuna mtu alikuwa na wasiwasi juu ya hilo, basi angekwenda kuwauliza ng'ombe wa Tinde, maana Donatus aliwachunga miaka kumi na miwili na kila mmoja alikuwa na jina alilompa yeye.

Kwenye ofisi ya uhamiaji mjini Geita alimkuta afande Justa, yule mama mnene wa zamu ya asubuhi, anapanga karatasi mezani.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Umekuja tena mdogo wangu?"

"Nimekuja tena. Jana alikula?"

"Alidonoa." Afande Justa akashusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimuumiza Lusia, maana angekuwa mbaya angalau angepata wa kumlaani. "Sikia. Gari la mpakani linaondoka saa nane. Jina lake limo."

Lusia akaiweka hotipoti chini. Akaishika meza.

"Na lile ulilonieleza juzi?"

"Liko palepale. Akitokea mtu mzima, raia, anayejulikana kijijini kwake, akaandikisha maelezo kwamba huyu kijana alizaliwa Tinde, jalada linarudi kwa bosi. Leo hapandi gari. Asipotokea mtu, mimi sina la kufanya."

"Na cheti chake cha darasa la saba?"

"Cheti kinasema alisoma Tinde. Hakisemi alizaliwa wapi. Tulimuuliza babu yake amezikwa wapi, akabaki anatutazama."

Basi hayo ndiyo yaliyompata Donatus. Jumapili watu wa uhamiaji walikuja na magari mawili kule mwaloni, kwenye vinu vya kusaga mawe ya dhahabu, wakawapanga watu mstari, wakaanza kuuliza vitambulisho. Donatus hakuwa nacho. Mara mbili aliomba, mara mbili fomu zikarudi, kisa hana cheti cha kuzaliwa wala baba wa kumsemea. Wakamuuliza babu yake kazikwa wapi. Jamani, mtu aliyelelewa na mama peke yake, kwenye kibanda cha pembeni ya shamba la watu, kaburi la babu atalitoa wapi? Anajua kaburi moja tu maishani mwake, la mama yake Klara, na hilo liko kwenye kona ya majaruba ya mpunga ya Mzee Maganga.

Na Mzee Maganga ndiye baba yake Lusia.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Klara alikuwa kibarua wa Mzee Maganga tangu Lusia hajazaliwa. Alimvunia pamba, akampandia mpunga, akamlelea hata huyu Lusia, na alipofariki akazikwa palepale alipokuwa analima. Watoto wawili wale walikua pamoja, mmoja ndani ya nyumba ya bati, mmoja kibandani, mpaka siku moja wakatazamana wakajikuta si watoto tena. Donatus akajikaza, akaenda kuposa. Mzee Maganga alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia mbele ya watu, "Nimuoze binti yangu kwa mtoto wa kibarua wangu? Ondoka hapa, kabla sijalima mpaka juu ya mama yako." Wiki hiyo hiyo Lusia na Donatus walipanda basi la Geita. Tangu hapo ni miaka miwili, na kwa miaka yote miwili Mzee Maganga hakupokea simu ya binti yake.

Juzi alipokea. Lusia alilia, akaeleza, akaomba. Baba yake akasema maneno mawili tu, "Nimesikia. Nakuja," simu ikakatika.

Saa tano na nusu bodaboda ilisimama nje ya geti. Mzee Maganga akashuka, kavaa lile koti jeusi la kwendea kwenye mabaraza, maana pale Tinde yeye ndiye anayeitwa watu wakigombana mipaka au ndoa. Alikuwa na sifa mbili. Kwanza, hakuwahi kusema uongo barazani. Pili, hakuwahi kukata habari njiani. Ukimuuliza jambo la leo asubuhi, atakuanzishia kwa babu yake.

Lusia alipiga magoti palepale kwenye vumbi jekundu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba ng'wanone, mwanangu." Alimtazama muda mrefu. "Umekonda."

"Ni jua la huku."

"Mama yako hajambo. Kila jioni anakuwekea sahani. Nikimwambia huyu mtoto hayupo, anasema anajua, lakini sahani anaiweka." Akageuza uso upande. "Twende tukakae."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mama lishe mmoja, Mama Sikujua, aliyekuwa amemfahamu Lusia kwa siku hizi tatu za kushinda pale nje. Akawapa benchi la nyuma, akawaacha. Mzee Maganga alikataa chai.

"Baba, gari linaondoka saa nane. Ukiingia sasa hivi..."

"Nitaingia. Sikutoka Tinde alfajiri kuja kutazama magari." Akaweka fimbo yake katikati ya magoti. "Lakini kwanza tuelewane mimi na wewe. Unamjua Cornel wa Mwadui?"

Lusia hakuhitaji kukumbushwa. Alimjua. Mgane mwenye malori mawili na nyumba ya bati la msauzi, alikuwa akija Tinde kununua mpunga.

"Namjua."

"Ameleta watu mara tatu. Amesema hajali uliishi na nani huku. Mwanaume gani mwingine atasema hivyo? Mimi nitaingia mle ndani nimsemee Donatus, wamwachie. Aende zake, achimbe dhahabu yake, aishi. Wewe unaachana naye, unarudi nyumbani nami leo. Jumamosi Cornel anakuja."

"Baba!"

"Usinipigie kelele, niko mbele yako."

"Baba, Donatus amekuchungia ng'ombe miaka kumi na miwili."

"Na amekula kwangu miaka kumi na miwili."

"Unaniuza."

"Nakuokoa!" Sauti ya mzee ilipanda, Mama Sikujua akageuka na mwiko mkononi. Akaishusha tena. "Lusia. Umekaa na huyu kijana miaka miwili. Umelala usingizi siku ngapi? Niambie ukweli. Siku ngapi umelala bila kusikiliza gari?"

Jibu Lusia alilijua. Walikuwa wanalala na viatu vimepangwa karibu na mlango wa nyuma. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini mama yake mdogo alikuja mara moja kuwatembelea, na bila shaka aliviona, akayasimulia Tinde.

"Ukizaa naye, mtoto ataulizwa babu yake kazikwa wapi," baba yake akaendelea. "Utajibu nini?"

"Nitajibu kazikwa Tinde. Babu yake ni wewe."

Mzee akaigeuza fimbo mikononi. Kisha akatikisa kichwa.

"Nikikataa?" Lusia akauliza.

"Basi la saa saba linarudi Kahama. Nitalipanda."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro kumi. Lusia aliitazama ile saa, akaitazama ng'ambo ile ofisi yenye madirisha ya nondo, akawaza mtu wake anapandishwa gari kwenda nchi asiyojua hata stendi yake iko wapi. Alimpenda vibaya sana yule mwanaume. Alimpenda mpaka akaona bora amkose akiwa Geita kuliko amkose kabisa.

"Nitarudi nyumbani," akasema.

"Na ukamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla sijaingia. Sitaki kesho aje kwangu kudai. Na usimwambie ni mimi niliyetaka hivyo. Akijua, ninavyomjua, atakataa ushahidi wangu."

Kweli, angekataa. Baba yake alimjua Donatus vizuri sana, na kwa hilo Lusia akazidi kumchukia. Akainuka, akachukua hotipoti yake. Alipofika mlangoni mwa kibanda mzee akamwita.

"Sasa huko ndani unataka niseme nini?"

Kichwa cha Lusia kilikuwa kimejaa maneno ya kumwambia Donatus. Alikuwa anayapanga, anayapangua, anatafuta yapi yataua upesi bila kuumiza sana. Neno moja alilopewa na afande, lile la kuzaliwa, lilimtoka kabisa. Na angelikumbukaje, wakati kwake halikuwa na mjadala? Donatus alizaliwa Tinde, kila mtoto wa pale alijua hivyo.

"Sema unavyomjua," akajibu, akavuka barabara.

* * *

Afande Justa aliwapa dakika kumi kwenye korido, nondo katikati yao. Donatus alikuja akivuta miguu, lakini alipomwona akatabasamu. Siku zote za mwaloni kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, hata akioga vipi. Siku tatu za mahabusu zilizisafisha. Lusia alimwona kama alivyokuwa Tinde, kijana wa miaka ishirini na fimbo begani.

Kama kawaida yake, Donatus hakumtazama usoni kwanza. Alitazama mikono.

"Umeungua kidole."

"Karanga."

"Umenikaangia karanga?" Akacheka. "Afande, huyu mwanamke mnamwona? Mimi nikitoka humu..."

"Donatus, nisikilize."

"Nakusikiliza mama. Mzee amekubali? Anakuja?"

"Anakuja." Lusia akashika nondo. "Atakusemea. Utatoka. Ila ukitoka, mimi hutanikuta."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kuwasalimia?"

"Kukaa."

Donatus aliendelea kutabasamu, lile tabasamu la mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni utani. Halikuja neno lingine. Taratibu tabasamu likamtoka usoni.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Niangalie, Lusia."

Akamwangalia. Mungu anajua alivyojikaza.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka kulala na viatu mlangoni. Nimechoka gari likipita usiku nakushika mdomo usikohoe. Tukienda gulioni unatangulia, mimi nafuata nyuma kama sikujui. Mwaka jana ulivyoumwa ulikataa kwenda hospitali wasije wakakuuliza kitambulisho, nikakukanda siku nne nikijua nakuzika. Nimechoka, Donatus."

Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka vizuri.

"Hayo yote mbona tulikuwa tunayacheka?"

"Wewe ulikuwa unacheka."

Akashika nondo. Vidole vyake vilikuwa karibu na vya Lusia, hakuvigusa.

"Nikitoka nitafuatilia upya kile kitambulisho. Mzee akinisemea hapa, karatasi itakuwepo. Nitakwenda nayo, nitakaa kwenye foleni mwezi mzima. Nipe mwaka mmoja tu. Lusia, mwaka mmoja."

"Sina mwaka."

"Kuna mtu?"

Hapo angeweza kusema hapana. Alimwona anavyomtazama, na akajua akisema hapana huyu mwanaume hatakata tamaa, atamfuata mpaka Tinde, na baba yake atasema ahadi imevunjwa. Basi akatafuta jiwe kubwa kuliko yote, akalirusha.

"Nataka mume mwenye kwao," akasema.

Donatus akaziachia nondo. Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Lusia akapitisha hotipoti chini ya nondo.

"Kula basi. Ni matobolwa."

Aliinama, akaichukua ile hotipoti, akaishika kidogo kama anapima uzito wake. Kisha akairudisha chini ya nondo palepale ilipotoka, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa na mama yake kurudisha vyombo vya watu.

"Kampe huyo mwenye kwao," akasema.

* * *

Dirisha la chumba cha maelezo lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Lusia alisimama nje, mgongo ukutani, hotipoti kifuani. Alisikia viti vikivutwa, akasikia Donatus akiingizwa, na baba yake akijikohoza kama anavyojikohoza barazani. Sasa yaishe tu, akajiambia. Aseme, wamwachie, mimi nikafie mbali.

"Mzee, huyu kijana unamjua?" Ilikuwa sauti ya mwanaume, ofisa mwingine.

"Namjua kuliko mnavyomjua ninyi. Tuanze na mama yake."

"Anza na yeye mwenyewe, mzee wangu. Muda hautoshi."

"Mwanangu, mimi sijui kuanzia habari katikati. Nikianzia katikati nitasahau kitu, na hapa nimekuja kusema ukweli." Akajikohoza tena. "Andika. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya zile mvua za Elinino. Pamba imepasuka, sina watu wa kuvuna. Jioni moja nikaona kundi la watu barabarani, wanatembea kwa miguu, wamechoka, hata mbwa hawakuwabwekea. Wengine wakapita. Mwanamke mmoja akasimama kwangu kuomba maji. Ndiye Klara, mama yake huyu."

Nje ya dirisha Lusia aliutoa mgongo ukutani.

"Endelea."

"Alikuwa na mtoto mgongoni. Hajaota jino hata moja. Ndiye huyu hapa. Nikamuuliza, mama unatoka wapi? Akasema natoka Burundi, kwetu kunaungua. Nikamwambia, hapa pana pamba na pana kibanda, kaa."

"Baba!" Lusia alipiga kelele. "Baba, nyamaza!"

Akakimbilia mlangoni. Afande Justa alikuwa amesimama hapo, akamzuia kwa mkono mmoja mpana, na usoni alikuwa na huzuni ya mtu anayejua kinachofuata. "Huwezi kuingia," akamwambia. "Mdogo wangu, tulia. Ameshasema."

Ndani kalamu ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Kwa hiyo mzee unathibitisha kwamba hakuzaliwa Tinde. Aliingia nchini kutoka Burundi, amebebwa na mama yake."

"Atazaliwaje Tinde na nimekuambia alikuja mgongoni? Lakini kukua, kakulia kwangu! Hilo nalo liandike."

"Nimeandika."

"Andika hajawahi kuiba. Andika hajawahi kupoteza ng'ombe, hata mwaka ule wa fisi. Andika anajua Kisukuma kuliko watoto wangu mimi."

"Nimeandika yote, mzee. Weka dole gumba hapa. Na hapa."

Kalamu ikawekwa mezani. Halafu ikasikika sauti ya Donatus, ndogo, ambayo Lusia hakuwahi kuisikia tangu walipokuwa watoto.

"Mzee, mama aliniambia nilizaliwa kibandani. Siku ya mvua. Aliniambia hata mahali alipolala."

"Nilijua alikuwa anakwambia hivyo," Mzee Maganga akajibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisita. "Sikutaka kumkatalia. Alitaka uwe na kwenu."

"Donatus," ofisa akasema, "una mke hapa nchini? Mchumba? Mtu wa kupewa taarifa zako?"

Lusia alimsukuma afande Justa kwa nguvu zake zote, akafanikiwa kuchungulia. Donatus alikuwa ameketi na mikono mapajani. Akainua macho, yakakutana na yake. Alimtazama kwa muda ule ule aliozoea kumtazama asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Sina mtu," akasema.

* * *

Saa nane kamili gari lilikuwa limejaa. Kuna mama alikuwa ameketi juu ya begi ananyonyesha, na mumewe Mtanzania kasimama chini, kashika mfuko wa nguo za mtoto, anauliza kila mwenye sare kama anaweza kupanda naye. Hakuna aliyemjibu. Donatus alipandishwa mwishoni. Hakuwa na begi lolote, nguo zake zote zilikuwa kule kwenye chumba chao, nyingine Lusia alikuwa amezianika asubuhi ile ile.

"Donatus!" Lusia alikuwa ameng'ang'ania bodi la gari. "Nilikudanganya! Yale niliyokwambia sikuyamaanisha, niliambiwa niseme! Donatus, unanisikia?"

Injini iliwaka. Donatus alimtazama, na machoni mwake Lusia aliona kwamba amesikia lakini hakuamini. Alidhani anaonewa huruma. Nani asingedhani hivyo? Saa mbili zilizopita mwanamke alitaka mume mwenye kwao, na sasa Donatus ameshathibitishiwa kwa dole gumba kwamba hana kwao.

Gari lilipoanza kusogea ndipo Donatus akasimama, akaegemea ubavu wa gari, akapaza sauti. Hakumwita Lusia. Aliita kwa Kisukuma, Kisukuma kile kile cha Tinde cha kuitia ng'ombe kutoka mbali.

"Mzee Maganga! Kaburi la mama msililime!"

Mzee alikuwa amesimama kwenye geti na koti lake jeusi. Alinyanyua fimbo kidogo, kama anataka kujibu. Gari likakata kona, vumbi likabaki.

* * *

Walikaa tena kwenye benchi la Mama Sikujua kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Basi la saa saba lilikuwa limeondoka, linalofuata ni saa tisa.

"Nilisema ukweli mtupu," hatimaye Mzee Maganga akasema. "Nilidhani namsaidia. Nilidhani wakijua nimemlea..."

"Najua, baba."

"Ungeniambia kwamba wanataka kuzaliwa."

"Najua."

"Hata hivyo nisingeweza kudanganya."

Lusia akageuka akamtazama. Hakuwa amewaza hilo. Alitoa moyo wake kununua ushahidi ambao tangu mwanzo haukuwepo.

"Lakini tulikubaliana, mwanangu," mzee akaendelea polepole. "Mimi niliingia nikasema. Nilichoahidi nimekifanya." Akajifuta uso kwa kitambaa. Alionekana mzee ghafla, amechoka. "Humo kuna chakula? Tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni."

Binti wa Kisukuma hamwachi baba yake na njaa. Lusia aliomba maji kwa Mama Sikujua, akapiga magoti, akamnawisha mikono baba yake. Akafungua hotipoti. Chakula bado kilikuwa na joto. Akapakua kwenye sahani, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Mzee alitafuna, akachukua tena.

"Umepika vizuri. Mama yako hachanganyi karanga namna hii. Nani alikufundisha?"

"Klara," Lusia akasema.

Mzee Maganga aliacha kutafuna.

"Nilikuwa na miaka saba. Ninyi mlikuwa mmekwenda kwenye msiba, yeye alibaki na mimi. Tulikaa kibandani kwake, akanionyesha. Aliniambia nikimpikia hivi mwanawe, hataniacha." Lusia alisema bila kupandisha sauti wala kulia, machozi alikuwa ameyamaliza kule getini. "Twende Tinde, baba. Nilisema nitarudi nyumbani, nami ni mtoto wako, nikisema nimesema. Ila kwa Cornel siendi. Hilo hukunisikia nikilisema."

"Lusia..."

"Nitakaa kwenye kibanda cha Klara."

"Kile kibanda kilishaanguka."

"Nitakisimamisha. Mimi ni mke wa mtu, na mama mkwe wangu hana mwingine wa kumfagilia kaburi." Akafunika hotipoti, akaukaza mfuniko. "Sasa nataka kukuuliza jambo moja. Msimu huu majaruba umelima mpaka wapi?"

Mzee Maganga, ambaye Tinde nzima hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, alitazama sahani yake.

"Nimekuuliza, baba. Umelima mpaka wapi?"

Mama Sikujua aliacha kukoroga chungu chake, akangoja na yeye. Barabarani pikipiki zilipita, moja, mbili, ya tatu. Mzee aliisukuma sahani taratibu, hata nusu ya matobolwa hajamaliza, akajifuta mikono kwenye koti kama mtu aliyetoka kulima.

Lusia hakuuliza mara ya tatu. Alichukua hotipoti yake, akatangulia stendi.